Veranda Inavuja

Mume wangu ni mchoraji wa mabango, na kila anachotaka kukijenga nyumbani hukianza kwa kukiandikia bango. Wenzake huanza na msingi. Yeye huanza na herufi. Analainisha ubao kwa msasa, anaupaka rangi nyeupe, anaungoja ukauke, kisha anaandika kwa ule mkono wake usiotetemeka: VERANDA YA KUPUMZIKIA. Bango analipigilia ukutani pale ambapo kitu kitakuwa, anarudi nyuma, anainamisha kichwa upande mmoja, na uso wake unakuwa wa mtu aliyemaliza kazi. Ugonjwa wetu uko hapo. Akishaliona bango, roho yake inatulia, na saruji anaisahau.

Ana sheria yake moja. Kitu kikikamilika, bango linang'olewa. "Kitu kilichopo kinajisema chenyewe," husema. Ni sheria nzuri, na katika ndoa yetu yote ilikuwa haijawahi kutumika.

Basi nyumba yetu ina vyumba viwili, sebule na jiko, lakini ukiisoma ni jumba. Ukutani kwa nyuma kuna BAFU LA WAGENI. Rafiki yake mmoja aliyekuja kulala kwetu aliizunguka nyumba na taulo begani, akarudia kuizunguka, mwisho akaja kuniuliza kwa adabu mlango unafunguliwa vipi. Sebuleni kuna NGAZI YA GHOROFANI, na mshale unaoonyesha dari. Kando ya bomba kuna BUSTANI YA MBOGA, yenye mnyanya mmoja uliojiotea wenyewe, ambao mume wangu huuita mavuno. Veranda ni vidato viwili vya saruji nje ya mlango wa jikoni, na juu yake ni mbingu.

Mwanzoni niligomba. Niligomba mpaka sauti ikanikauka. Halafu, sijui lini, nikajikuta nasema, "Chai yangu nileteeni Veranda," na ikaletwa. Mvua ikitukuta pale, hakuna aliyesema tumenyeshewa. Tulisema, "Veranda inavuja," tukafunika vikombe kwa viganja, tukaendelea na mazungumzo.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko dirishani, na alasiri jua huingia likajilaza juu ya kitambaa, mguu ukapunguza mwendo kwenye pedali, na kichwa kikaanza kuzama. Si usingizi, wala si kuwa macho. Ni wakati ambao nyumba yetu huwa kubwa. Nimewahi kusikia mtu akishuka ngazi kutoka ghorofani, polepole, na kandambili zake. Nimewahi kusikia maji yakimwagika bafu la wageni. Nikishtuka nakuta uzi umekatika na bomba la uani linadondoka, nami nakasirika kweli, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuizoea ile nyumba nyingine.

Mtoto wetu ni mmoja, wa kike. Baba yake alimpa jina la utani la Nukta, kwa kuwa alizaliwa mdogo na kwa kuwa baada yake hatukupata mwingine. Jina lake la shuleni analitumia yeye na serikali. Alipokuwa chekechea walikuwa wakipita na baba yake mbele ya kiwanda cha mikate kila asubuhi, na siku moja akauliza, "Baba, mbona kwetu hakuna chumba kinachonukia hivi?" Jioni ile ile bango likawa tayari: TANURI LA MKATE. Likapigiliwa kwenye ukuta wa uani, na mtoto akajifunza kusoma juu ya lile bango, herufi baada ya herufi, amekalia mabega ya baba yake. Alikua, akasoma, akahitimu, na mkate tuliendelea kuununua dukani.

Sasa alikuwa amepata kazi kwenye maabara ya kupima maji, mji wa mbali. Angeondoka Jumatatu ya wiki iliyokuwa inafuata.

Alasiri moja nilikuwa kwenye mashine yangu. Nukta amekaa Veranda anaongea na rafiki yake kwenye simu. Baba yake yuko upande wa pili wa kona, amechuchumaa, anaosha brashi kwenye kopo la mafuta ya taa. Mimi nilikuwa nawaona wote wawili. Wao hawakuwa wakionana.

"Kwetu?" Nukta akacheka. "Shoga, kwetu ni mabango tu. Ukija utaisoma nyumba nzima, kuiona hutaiona!"

Brashi ikaacha kugonga kopo. Mume wangu hakuinua kichwa. Alikaa vile vile, mkono ndani ya kopo, akitazama mafuta yalivyobadilika rangi. Mimi mguu ulikuwa umekufa juu ya pedali. Nilitaka kutoka nikamkatize yule mtoto, na papo hapo nilitaka kucheka, maana mimi mwenyewe nimesema makubwa kuliko hayo. Lakini mimi nayasema hapa hapa, na nikishayasema nampakulia chakula. Huyu alikuwa anasafiri. Nikaogopa. Niliona angelibeba lile neno kwenye sanduku lake, angelitoa huko mbele ya watu wasiomjua baba yake, wangecheka, na baba yake angebaki kuwa kichekesho cha watu wa mbali mpaka mwisho wa maisha yake.

Jioni mezani mume wangu alimaliza chakula chake. Halafu akaweka kijiko chini.

"Nukta," akasema, "Jumapili, kabla hujaondoka, utakula mkate wa tanuri."

"Tanuri gani, baba?"

"Lako. Bango lako si lipo?"

Nukta akanitazama. Mimi nikajitia hamnazo, nikaanza kukusanya sahani.

Kesho yake mume wangu alimwita dada yake aje kutusaidia. Wifi yangu ni msusi, ana saluni mtaa wa pili, na mapishi yake yote ni ya kutaka makuu. Hajui kupika kitu kikaliwa tu; lazima kwanza kitazamwe. Aliingia jikoni kwangu na mfuko wa unga na aproni yake ya saluni, ambayo ina mifuko ya vichana.

"Wifi," akaniambia, "mkate usio na mtindo ni chakula cha wagonjwa. Mimi nitausuka."

"Suka utakavyo, wifi yangu. Uive tu."

"Nyuzi saba. Urefu wa meza hii."

"Na tanuri litakuwa na urefu gani?"

"Hayo ya kaka yako," akasema. Kaka yake akimkera, huwa ni kaka yangu mimi.

Wakaanza mazoezi, na jiko langu likahama kwangu. Mkate wa kwanza uliumuka mpaka ukainua mfuniko, ukatoka nje, ukazima makaa. Wa pili ukawa jiwe, na hadi leo tunazuilia nao mlango usijifunge. Na kila alipousuka unga, wifi alisahau kama hakuna mtu chini ya mikono yake. Alikuwa akiuvuta na kunong'ona, "Vumilia kidogo, namalizia nyuma." Mara moja nilimsikia akiuuliza kama unaumia.

Uani, baba na binti walikuwa wakikanyaga udongo. Mume wangu alikuwa ameleta udongo mfinyanzi, akachanganya na nyasi kavu na maji, wakavua viatu. Nilikuwa nikiwatazama kutoka dirishani, jua limeanza kuteremka, nao wanakwenda mzunguko, wameshikana mikono wasiteleze, mguu huu, mguu ule. Alikuwa akimfundisha kitu, au anamwimbia, sauti haikufika. Nukta alikuwa ameinamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mtoto akisikiliza. Sikushona kitu jioni ile. Nilikaa nikajiambia kwamba kama dunia ingekubali kusimama, ingekuwa heri isimame hapo, na miguu yao iwe na matope vile vile.

Mume wangu hakuwa na wasiwasi na kitako cha tanuri. Matofali aliyapanga vizuri, sawasawa kama mistari yake ya herufi. Shida ilikuwa kuba. Udongo mbichi hausimami hewani. Lazima uupake juu ya kitu, ukauke, kisha ukitoe kile kitu. Wengine hurundika mchanga halafu wakauchota. Lakini wifi akapiga marufuku mchanga.

"Mkate wangu usije ukaliwa na mchanga," akasema.

Ndipo mume wangu alipokuja dirishani kwangu. Ilikuwa alasiri, wakati wangu ule. Jua limelala juu ya kitambaa. Ghorofani mtu alikuwa akipiga deki.

"Mama Nukta," akaniita kwa upole. "Lile sufuria lako kubwa lina kazi?"

Nilimsikia kutoka mbali sana. "Halina kazi," nikasema.

"Nilichukue?"

"Lichukue."

Lile sufuria lilikuwa la mama yangu. Alinipa nilipotoka kwake kuja kuanza maisha, akanisindikiza nalo mpaka barabarani amelibeba kichwani, kwa sababu nilikuwa naona haya kulibeba mwenyewe. Ni zito, la kupikia umati, na kwa sisi watu watatu halikuwa na kazi kweli isipokuwa kukaa juu ya kabati nilione. Mama sasa hayupo. Kila nilipolifuta vumbi nilikuwa kama nimemsalimia.

Sasa nisikilizwe vizuri, maana hapa wote tulikuwa na akili zetu. Mume wangu alilifudikiza sufuria juu ya matofali. Akalipaka udongo, tabaka juu ya tabaka, akazungushia kuba zuri la mviringo. Masikio mawili ya sufuria yakabaki nje, moja mbele na moja nyuma. Tulipita hapo asubuhi na jioni. Tulilisifu. Wifi alikuwa akitundika taulo lake kwenye sikio la mbele. Mimi nilimimina maji ya udongo kwenye nyufa kwa mkono wangu. Watu wazima watatu na mmoja aliyesomea maabara, tukalitazama tanuri lenye masikio, na hakuna aliyejiuliza sufuria litatoka wapi.

Jumapili ikafika. Wifi alikuwa ameshausuka mkate wake, mrefu mpaka ukalazimika kuzungushwa kwenye trei, umelala umefunikwa kitambaa. Mume wangu alikuwa amenyoa ndevu. Akachora upinde wa mlango kwa mkaa, akachukua kisu, akaanza kuukata udongo. Ulikuwa umekauka vizuri. Kisu kikaingia, kikaenda, kisha kikagonga. Kong.

Akagonga pengine. Kong.

Tukatazamana.

"Ni sufuria," akasema Nukta.

"Najua ni sufuria," akasema baba yake. "Nilipanga nilitoe likishakauka."

"Ulitoe kupitia wapi?" nikauliza.

"Mlangoni."

"Mlango upi?"

Akauonyesha ule upinde wake wa mkaa, upana wa trei. Halafu akalitazama tanuri lote, na sufuria lililo ndani yake, pana kama tanuri lenyewe. Nilimwona hesabu inavyomfikia usoni. Wifi akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa mkono wenye unga, maana hata yeye aliona si mahali pake.

Mume wangu akakalia ndoo iliyofudikizwa. Akashika tama. Kuba lake lilikuwa zuri, sitaki kusema uongo; lilikuwa kitu cha kwanza alichokijenga kikasimama. Nukta alikuwa nyuma yake, na uso wake ulikuwa umeanza kulainika kwa ile huruma mbaya, ya mtoto anayetaka kumwambia mzazi wake kwamba haidhuru. Nikajua akishalisema hilo neno, basi. "Mabango tu" litakuwa ndilo jina la nyumba yetu.

"Haidhu..." akaanza.

"Nipeni nyundo," akasema mume wangu. Akasimama. "Sufuria ni la mama mkwe. Nalivunja tanuri."

Nyundo ilikuwa karibu. Akaichukua, akaipima mkononi, na nikaona kwamba kweli angevunja.

Niliumia. Sitapamba hapa: niliumia kwa ajili ya sufuria kabla sijaamua lolote. Nilimwona mama yangu barabarani, amelibeba kichwani, anatembea mbele yangu wala hageuki, kwa sababu alikuwa analia na hakutaka nimwone. Nilimwona vizuri kabisa, mchana kweupe, kuliko nilivyokuwa nimewahi kumwona alasiri yoyote kwenye mashine yangu. Alikuwa amenisindikiza mimi, mtoto wake, kwa chombo. Na mimi wangu alikuwa anaondoka kesho, na cha kumsindikiza nacho sikuwa nacho.

"Weka hiyo nyundo," nikasema. "Nukta, niletee chaki yangu na mkanda wa kupimia. Na wewe, msumeno wa chuma uko wapi? Na mkasi wa bati, ule unaokatia mabango ya mabati?"

"Mama, usi..."

"Mimi mama yako nimekata vitambaa vya harusi vya watu. Nitashindwa sufuria?"

Tukabandua udongo wa mbele, sufuria likang'aa. Nikapima. Nikachora kwa chaki, umbo lile lile la tundu la mkono wa gauni, na nikahakikisha sikio la mbele limekaa katikati ya mchoro. Wifi akageuka akatazama ukuta. Mume wangu akalishika kuba kwa mikono yote miwili lisitikisike, shavu lake limegusa udongo, akafumba macho. Nikaanza na msumeno pale kwenye ukingo, palipo pagumu, kisha mkasi. Bati lile lililia. Nililia na mimi, lakini mkasi haukupinda. Nilikata polepole, kama ninavyokata kitambaa kisicho na ziada, na sehemu fulani hivi sikuwa uani tena, nilikuwa barabarani, na mama yangu hatimaye akageuka, akaniangalia nilivyokuwa nakata, akasema kitu cha kawaida tu, kwamba nisilegeze kiwiko.

Kipande kikatoka kizima, na sikio lake katikati.

"Huo ni mlango," nikamwambia mume wangu, nikampa. "Na huo ni mshikio wake."

Akaupokea, akaugeuzageuza. Akaurudisha mahali pake, ukaziba. Akauondoa tena. "Mama Nukta," akasema, akaenda kuleta kuni.

Wakati huo mkate ulikuwa umechoka kungoja. Umeumuka mpaka mtindo wote umefumuka. Wifi akapiga ukelele, akauangukia, akaanza kuusuka upya, huku akiulaumu kwamba hautulii. Moto ukawashwa ndani ya kuba. Moshi ukatoka mlangoni, mzito kwanza, kisha mwembamba. Kuni zilipogeuka makaa, Nukta akayakokota nje, akafagia matofali kwa kitambaa chenye maji, na trei ikaingia kwa nafasi ya kidole. Mume wangu akafunga mlango, akaushikilia kwa tofali.

Tukaenda kukaa Veranda sote wanne, kungoja. Jua lilikuwa limefika ile pembe ya kulaza vitu. Harufu ilitoka kidogo kidogo. Ilipita kwanza bafu la wageni, ikaingia bustanini, ikapanda ngazi. Nikafumba macho, nikasikia huko ghorofani madirisha yanafunguliwa, moja baada ya jingine, na watu wa ile nyumba nyingine wanaulizana nini kinachonukia.

Mkate ulitoka upande mmoja umeungua, upande wa pili mweupe, na katikati umeiva sawasawa. Wifi alisikitikia mtindo wake, kisha akala kuliko sisi sote. Mume wangu alitafuna muda mrefu.

"Umeiva," akasema.

Halafu akainuka, akachukua koleo, akaenda kwenye ukuta wa uani. Misumari ilikuwa na kutu na ilitoka kwa shida. Lilikuwa bango la kwanza kung'olewa katika nyumba hii. Nyuma yake ukuta ulikuwa msafi, rangi ile ile tuliyohamia nayo. Akalipangusa kwa mkono wa shati, akamletea Nukta.

"Lichukue," akasema. "Ukaoneshe huko. Kwamba lilikuwapo, na likaondolewa."

Nukta akalishika. Akayatazama yale maneno aliyojifunzia kusoma. Kisha akamrudishia.

"Baba, hili bakini nalo. Mimi nipeni la Veranda."

Mume wangu akapigwa na butwaa. "La Veranda? Veranda sijaijenga, mwanangu."

"Chumba nilichopanga kina dirisha moja, linatazama ukuta. Jioni nitakaa wapi?"

Nikaona lile neno linamrudia baba yake, na nikatamani asiliseme, lakini akalisema, taratibu, bila hasira. "Si mabango tu? Si mtu ataisoma nyumba nzima, kuiona hataiona?"

Nukta akaiva uso. Alitutazama mmoja mmoja akaelewa tulisikia. Nilidhani ataomba radhi, na sijui kama radhi ingetosha.

"Nilisema yeye hataiona," akasema. "Rafiki yangu. Sikusema mimi siioni. Baba, mimi nimekulia ghorofani. Ningeshindwaje kuiona?"

Mume wangu akageuka upesi, akaenda kutafuta misumari ambayo haikuwa imepotea.

Jumatatu tulimsindikiza mpaka stendi. Bango lilikuwa refu, halikuingia kwenye sanduku, likafungwa kwa shuka kuukuu. Baba yake alilibeba kichwani njia nzima. Alitangulia mbele yetu, wala hakugeuka.

Tangu hapo tanuri linafanya kazi. Wifi anakuja kila Jumapili, sasa anasuka mikate ya mafundo, na majirani wamejua njia. Veranda hatujaijenga. Mume wangu hakuandika bango jingine. Pale lilipokuwapo la Veranda pamebaki alama safi ukutani, na tundu za misumari.

Jioni moja simu ikalia. Akaipokea yeye, akaitoa sauti nje nami nisikie.

"Nukta, uko wapi?"

"Niko Veranda, baba. Nakunywa chai."

"Kuna upepo?"

"Kidogo. Mvua imeanza."

"Inavuja?"

"Inavuja sana," akasema Nukta, na kwa sauti yake nikajua anacheka na analia.

Tukachukua vikombe vyetu, tukatoa viti, tukakaa kwenye vile vidato vyetu, simu katikati. Huku kwetu nako kukaanza kudondoka. Mume wangu akakivuta kiti changu ndani kidogo, nisilowe.